Kinyozi wa Bwana Taya

Kama Tokuji angeniletea mke mwenza, ningejua pa kuanzia ugomvi. Ningemshika huyo mwanamke nywele, tukachaniana nguo pale mbele ya duka, majirani wakaja kuamua, na mambo yakaisha. Lakini mume wangu aliniletea uso wa chuma. Sasa utagombana vipi na uso wa chuma?

Tokuji alifariki mwaka juzi. Kwenye mazishi watu walizungumzia kofia zake za vita, zile tisa alizozikusanya maisha yake yote, na jinsi alivyokuwa mkali wa kuzitambua. Wakasema Kageyama Tokuji alikuwa kinyozi tu, lakini kwa vitu vya samurai hakuna profesa aliyemfikia. Nikawaandalia chai. Mimi ninalotaka kulisema ni la ule uso mmoja, ambao haukuwepo tena nyumbani siku anakufa.

Aliuleta mwaka wa pili wa ndoa yetu. Tulikuwa tumefungua duka la kunyoa hapa Matsue, mtaa wa nyuma ya mfereji wa ngome. Viti viwili, na kimoja kilikuwa kimechanika. Kioo kilikuwa kimepasuka, kwa hiyo asubuhi hiyo nikamtuma mume wangu mji wa Yonago akanunue kingine. Jioni akarudi na furushi la kitambaa kifuani, amelikumbatia kwa mikono miwili.

"Kioo kiko wapi, baba Chizu?"

"Subiri uone. Hiki ni bora kuliko kioo."

Akafungua. Ilikuwa ni ile kinga ya uso waliyoivaa samurai chini ya kofia, inayofunika kuanzia puani mpaka kidevuni. Mdomo umekenua, mashavu yamekunjamana kama ya mzee aliyelamba limau, masharubu meusi ya nywele za nguruwe mwitu. Ndani imepakwa vanishi nyekundu. Kidevuni kuna tundu dogo la kutolea jasho, na chini yake inaning'inia kinga ya koo, vipande vya chuma vilivyoshonwa kwa uzi wa hariri.

"Kwa hiyo wateja wajitazame kwenye pua yake?" nikamuuliza.

Alicheka. Mimi sikucheka. Nilikasirika wiki nzima, maana mpaka mwaka mpya wateja wetu walijiangalia kwa kioo changu cha mkononi, tena nakishika mimi, na mtoto mgongoni.

Lakini usiku ule, kabla sijamaliza kununa, alifanya jambo ambalo sijalisahau. Aliingiza vidole viwili ndani ya ule uso, kwa chini, vilevile anavyompapasa mteja kidevu kabla ya kuweka wembe. Akafumba macho.

"Fumie," akasema, "huyu mtu taya lake lilipinda kushoto."

"Mtu gani?"

"Mwenye huu uso. Pitisha kidole hapa. Vanishi imelika, umeona? Upande huu haijaguswa kabisa. Alikuwa na taya lililopinda, chuma kikawa kinamsugua upande mmoja."

Kwa hasira nikampa jina hapohapo, Bwana Taya. Na jina likamganda.

Kofia na uso wake hutengenezwa pamoja, na fundi mmoja, kwa kichwa cha mtu mmoja. Halafu vita huisha, nyumba huungua, njaa huingia, kofia ikaenda huku, uso ukaenda kule. Tangu siku ile Tokuji alitaka kitu kimoja duniani: kuipata kofia ya Bwana Taya. Kofia nyingine zilikuja njiani, akazinunua, akazisafisha, akazipenda. Lakini Bwana Taya alikaa peke yake kwenye rafu juu ya redio, na juu ya kichwa chake hapakuwekwa kitu.

"Si umvike hii kwa muda tu?" nilimwambia siku moja. "Anaonekana kama mtu aliyetoka kuoga."

"Hatavaa kofia ya mtu mwingine," akajibu, na sauti yake haikuwa ya utani.

Jamani, alikuwa mgumu yule mtu. Kila Jumapili ya pili ya mwezi wenzake wapenzi wa vitu hivi walikutana kwenye ukumbi wa nyuma wa hekalu. Kuna adabu zake. Kofia inawekwa juu ya mto, inashikwa kwa mikono miwili, na hakuna anayeongea akiwa ameinama juu yake, kwa sababu mate huleta kutu. Wengine hubana leso midomoni. Kila mmoja anatazama kwa zamu yake, anarudi nyuma, ndipo anasema anachokiona.

Mwaka wa sabini na nne, Katsube Ryosaku, muuza vitambaa vya kimono, alileta kofia na uso wake kwenye sanduku moja. Alikuwa amehangaika miaka kuvikutanisha. Alileta na keki kwa ajili ya wote, masikini ya Mungu, kama mtu anayefanya arusi. Tokuji akainama, akageuza kinga ya shingo ya kofia, akatazama matundu ya uzi. Unajua, uzi huoza, watu huubadilisha, kwa hiyo uzi unaweza kukudanganya. Matundu hayabadilishwi. Fundi anayefuma uzi kwa kubananisha hutoboa matundu mengi, anayefuma kwa kuachanisha hutoboa machache. Ya kofia na ya uso lazima yalingane.

Tokuji akarudi nyuma, akasema, "Hawa si jozi. Hawa ni wapangaji wa nyumba moja."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Katsube akafunga sanduku lake, masikio mekundu. Tangu siku ile nywele zake alikwenda kunyolewa karibu na stesheni, na akituona barabarani alivuka ng'ambo. Na kwenye mikutano watu wakamwita Mzee wa Wapangaji, mpaka akaacha kwenda.

"Ulisema kweli," nilimwambia Tokuji, "lakini ulikuwa na haja gani ya kuwachekesha watu?"

"Matundu hayadanganyi."

"Sikukuuliza matundu. Nimekuuliza wewe."

Akachukua ufagio akaenda kufagia nywele dukani. Nywele zilikuwa zimeshafagiliwa.

Miaka ikapita. Binti yetu Chizu akaolewa Hiroshima. Tokuji akapasuliwa tumbo, akatoka hospitali amekonda, wembe ukaanza kumtetemeka mkononi kidogo, si sana, ila mimi nilikuwa nauona. Akawa anamtazama Bwana Taya kwa muda mrefu wakati wa chai. "Nikifa kabla sijampata," akaniambia, "nitakuwa nimemwacha kichwa wazi." Nikamwambia aache kujichuria. Lakini moyo uliniuma. Miaka karibu arobaini mtu anatafuta kitu kimoja!

Basi, mwaka wa tisini na nane, mwezi wa tatu, akaingia mteja mgeni. Fukuma Yasuo, mtu wa posta, mpole, amehamia karibu ili aishi na mama yake mzee. Tokuji akalaza kiti, akampaka povu, akamshika kidevu. Nikaona mkono umesimama. Akapapasa tena, kulia, kushoto.

"Samahani, bwana," akasema. "Hili taya ulizaliwa nalo?"

Yule mtu akacheka chini ya povu. "Ukoo mzima tuko hivi. Baba, babu. Mke wangu husema tunatafuna kwa upande mmoja kama ngamia."

"Ukoo wenu... walikuwa samurai wa ngome?"

"Zamani hizo. Sasa imebaki kofia tu. Mama huitoa kila tarehe tano mwezi wa tano, sikukuu ya watoto wa kiume. Mwaka huu itakuwa kubwa, nimepata mjukuu."

Nilikuwa nimeshika taulo la moto. Likaniunguza, wala sikulisikia.

Jumapili iliyofuata Tokuji alivaa suti yake ya harusini na misibani. Akamfunga Bwana Taya kwenye kitambaa kipya. Nikamwambia, "Uliponichumbia hukuvaa hivi." Akaniambia nimfunge tai, vidole havimtii. Alitaka kuiona kofia, kuilinganisha, na ikiwa ndiyo, awaombe akina Fukuma waiuze, kwa bei yoyote, hata kama ingebidi kofia zake zote tisa ziondoke. Alikuwa ameshaniambia, na mimi nilikuwa nimeshakubali.

Mama yake Yasuo, Bibi Ito, alitupokea chumba cha mbele. Mwanamke mdogo wa umbo, wa miaka sabini na kitu, mgongo umepinda, macho makali. Ukutani picha ya mama mkwe wake, mdomo umebanwa, inatazama chumba kizima. Alikuwa ameitoa kofia mapema kwa ajili yetu. Ilikuwa nzuri, sisemi uongo, chuma cheusi kama sufuria ya bibi yangu. Na chini yake, mahali pa uso, alikuwa ameweka kitambaa cheupe kilichokunjwa.

Tukanywa chai, tukala kitafunwa. Ndipo Tokuji akaomba ruhusa, akabana leso midomoni, akapiga magoti. Akainua kofia, akageuza kinga ya shingo, akapitisha kidole gumba kwenye matundu. Mimi nilikuwa nyuma yake. Miaka arobaini nimekuwa nikimfuta Bwana Taya vumbi, najua matundu yake kuliko vifungo vya nguo zangu. Mawili mawili, yameachana. Na ya ile kofia yalikuwa yamebanana kama mbegu za ufuta kwenye kashata.

Haikuwa yake. Nikaona mabega ya Tokuji yanashuka polepole ndani ya ile suti.

Akairudisha kofia juu ya mto. Akatoa leso mdomoni. Kabla hajafungua kinywa, Bibi Ito akasema, "Yasuo ameniambia una uso. Naomba niuone."

Angeweza kusema hapana. Lakini alikuwa amekuja nao, uko pale kwenye kitambaa mbele ya magoti yake. Akafungua.

Yule mama akajisogeza kwa magoti juu ya mikeka, akafika mpaka mbele ya Bwana Taya, akamshika mashavu.

"Ndiye," akasema. "Jamani, ndiye huyu."

Akaanza kusimulia, huku machozi yanamtoka na wala hayafuti. Mwaka baada ya vita alikuwa biharusi wa miezi minne. Ndani hamna mchele. Mama mkwe alimkabidhi ule uso akauuze sokoni, kwa sababu yeye mwenyewe aliona aibu kuonekana. Ito akauza kwa mchuuzi wa Yonago, akarudi na mchele, wakala. Na kuanzia walipomaliza kula, mama mkwe akawa anamwambia kila anayeingia nyumbani kwamba bibi arusi ameuza uso wa ukoo kwa wali. Kila mwaka, tarehe tano mwezi wa tano, kofia ikitolewa, mama mkwe alikuwa anakunja kile kitambaa cheupe mwenyewe na kukiweka pale chini, ili wageni wakiuliza amwonyeshe Ito kwa kidole. Mama mkwe alikufa, Ito akaendelea kukikunja. Miaka hamsini na miwili.

"Nilisema kitukuu changu atakuja kuuliza, uso uko wapi, nami nitamjibu nini?" Akampapasa Bwana Taya masharubu, akasita. "Lakini... masharubu yake yalikuwa meupe. Nakumbuka yalikuwa meupe."

Yasuo akamtazama Tokuji. Tokuji akanitazama mimi.

Na hapa niseme ukweli wangu. Mimi niliyesema miaka yote lile dude litupwe mferejini, nilimtikisia kichwa. Usithubutu. Turudi naye nyumbani. Nilishtuka mwenyewe kuona kwamba nampenda yule bwana wa chuma, kwamba sijui rafu ile itaonekanaje bila yeye. Nilitaka mume wangu aseme lile neno lake la matundu, safari hii tu, kwa faida yetu.

"Ni mimi, mama," Tokuji akasema. "Mimi ni kinyozi. Nilimpaka rangi. Nilimwona bado kijana, nikasema masharubu meupe yanamzeesha."

Bibi Ito akacheka na kulia kwa pamoja. "Umemzidishia uzuri!"

"Wateja wangu wote husema hivyo."

"Kwa hiyo ndiye? Uniambie kweli. Wewe unajua haya mambo."

"Ndiye. Ni jozi," akasema Kageyama Tokuji, mtu ambaye hakuwahi kulisema neno hilo kwa kofia ya mtu yeyote bila kuhesabu matundu mara tatu. Akakiondoa kile kitambaa cheupe, akamweka Bwana Taya chini ya kofia ya mtu mwingine, akazifunga kamba.

Yasuo alitaka kulipa, Tokuji akakataa. Tukatoka. Tulipofika darajani nikashindwa kujizuia.

"Umemvika kofia ya mtu mwingine."

"Ndiyo."

"Na yake hutaipata tena. Hata ukiipata, utaiweka juu ya nini?"

"Sitaitafuta tena," akasema. Akashika ukingo wa daraja, akasimama pale kwa muda, akilia kama mtoto, na suti yake ya misibani. Nikamshika mkono. Nilikuwa na hasira naye na sijawahi kumpenda kama siku ile.

Tarehe tano mwezi wa tano tukaalikwa. Keki za mchele zilizofungwa kwa majani ya mwaloni, supu ya kome, mtoto amevikwa kimono kipya cha buluu. Kofia na Bwana Taya wamewekwa mbele ya chumba, wanang'aa. Nilikuwa ndiyo kwanza nimekaa, mlango ukafunguliwa, akaingia Katsube Ryosaku. Kimono cha mtoto kilinunuliwa dukani kwake, na yeye akaalikwa kwa adabu.

Tokuji akaweka kikombe chini.

"Mzee Katsube!" Bibi Ito akamwita kwa furaha. "Nimeambiwa na wewe zamani ulikuwa mtaalamu wa haya. Hebu njoo uwatazame. Mzee Kageyama ndiye aliyenirudishia huyu."

Katsube akatazama upande wetu mara moja. Akatoa leso, akaibana midomoni, akapiga magoti. Hakuwa amesahau kitu. Akainua kinga ya shingo kwa vidole viwili, akatazama. Akashuka kwenye kinga ya koo, akatazama. Nikaona masikio yake yanaanza kuwa mekundu, taratibu, kama siku ile. Ameshajua. Mtoto mdogo angejua. Miaka ishirini na minne mtu huyu amengoja, na sasa amewekewa mbele yake kwenye mto, na mashahidi wamejaa chumbani.

Akarudi nyuma. Akatoa leso.

"Kageyama," akasema. "Wewe unasemaje?"

"Nimeshasema. Ni jozi."

"Matundu uliyatazama?"

"Niliyatazama."

Mtoto akapiga chafya. Bibi Ito alikuwa ameegemea mbele, mikono kifuani, anamtazama Katsube usoni, na tabasamu lake limeanza kuingiwa na wasiwasi. Katsube akamtazama yule mama. Akatazama kile kitambaa cheupe, ambacho sasa kilikuwa chini ya sahani ya keki. Sijui alielewa kiasi gani. Akamgeukia Bibi Ito, akainama mpaka paji la uso likagusa mkeka.

"Jozi, mama," akasema. "Hawa wamezaliwa siku moja."

Bibi Ito akageuka kwenye picha ukutani. "Mama mkwe, umesikia?" akasema kwa sauti. "Umesikia lakini?"

Tulipoaga, Katsube naye akaaga. Akatembea nasi, upande wetu wa barabara. Nilidhani angeachana nasi kwenye kona ya stesheni, hakuachana. Tukafika dukani, nikafungua mlango, akaingia kabla yetu. Akavua koti, akakaa kiti cha kwanza, akafungua vifungo vya shingo, akalaza kichwa nyuma, koo lote wazi.

"Nywele au ndevu?" Tokuji akamuuliza.

"Ndevu. Na usinichubue, mpangaji wewe."

Tokuji alikuwa anatafuta brashi ya povu, na brashi iko mkononi mwake. Nikaenda kuloweka taulo kwenye maji ya moto.